Kisigino Apewe Njia Ipi

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita, saa kumi na dakika kumi na tatu alasiri. Saa ya ukutani ya Kinyozi ilionyesha saa kumi na dakika ishirini, lakini saa ile hutangulia kwa dakika saba, nami nimekwisha kuzitoa. Tulikuwa wanne kwenye benchi lililo nje ya chumba chake cha kunyolea, chupa ya kahawa katikati yetu, na mwishoni, upande wa ukuta, nafasi ya tano ikiwa tupu. Nafasi hiyo ni ya fundi viatu tumwitaye Gundi. Kila Jumamosi hapo huchezwa mchezo wa dadu na karatasi. Kila mmoja ana karatasi yake, ambayo ameandika juu yake mtu wa kubuni, nguvu zake, silaha zake na majeraha yake. Kinyozi, mwenye kitabu cha kanuni, husimulia safari, na dadu huamua nani apige na nani aanguke. Gundi alibuni mpiganaji akamwita Kisigino. Kisha, Jumapili moja asubuhi akiinama kufunga kamba za viatu, Gundi akapatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa, na ulimi nao. Kwa sheria tuliyojiwekea wenyewe, mchezaji akikosa Jumamosi tano karatasi yake huchanwa. Siku ile ilikuwa ya tano. Kisigino alikuwa amefika daraja la tatu, ambapo mpiganaji hana budi kuchagua njia yake ya kupigana, na kisanduku cha njia kilikuwa kitupu. Tulikubaliana tukijaze kwa niaba yake, kwa maana karatasi iliyojazwa ni ya mtu aliyepo.

— Mwekeni njia ya Bingwa, tumalize, alisema Afande, ambaye alilinda ghala kwa miaka thelathini na hadi leo hukaa akiwa ameelekea mlango. Bingwa hana mambo mengi. Wenzake wanasubiri dadu ya pande ishirini itoe ishirini, yeye hata kumi na tisa inamtosha. Anapiga, mtu analala. Basi.

— Basi nini? akamrukia Spana, fundi bomba. Hiyo njia ya wavivu. Gundi alikuwa anakaa dakika kumi nzima anafikiria apige goti au bega.

— Alikuwa? aliuliza Kinyozi.

— Anakaa. Nimesema anakaa.

Kinyozi alimimina kahawa kabla ya kuendelea.

— Mimi naona Mwanambinu. Ana dadu nne za mbinu kila pambano. Anampiga mtu ngwala, anamnyang'anya silaha, au anamwamuru mwenzake apige badala yake. Mnakumbuka pale ngomeni? Nyinyi nyote mlishakuwa maiti. Kama si Gundi, nani alisema mafuta yamwagwe kwenye ngazi?

— Mafuta yalikuwa yangu, alisema Spana.

— Na wa kwanza kuteleza ulikuwa wewe, alisema Afande.

Tulicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

— Sikilizeni, ndugu zangu, alisema Spana. Njia ni moja: Askari Mchawi. Upanga wake na yeye wamefungana. Ukianguka, ukinyakuliwa, ukizama mtoni, anauita tu, unarudi mkononi. Nani mwingine ana kitu kama hicho? Mkono ukilegea, si neno. Upanga unarudi.

Alipokuwa akisema hayo alikuwa akiufumba na kuufumbua mkono wake wa kulia. Nilimwona, naye akaona kwamba nimemwona, akauweka chini ya paja.

— Unarudi mkono upi? aliuliza Afande.

— Wowote.

— Kitabu hakisemi wowote.

— Hakikatazi pia.

— Acha hizo, bwana. Mimi nawaambia kitu kilichoandikwa. Bingwa akifika daraja la kumi na nane, mwili unajitibu wenyewe. Kila zamu. Hakuna mganga, hakuna dawa. Yuko chini pale, nguvu zinarudi zenyewe. Mpeni mzee kitabu asome.

Walinipa kitabu. Nilisoma kwa kidole chini ya mstari, kama nilivyojifunza nikiwa na umri wa miaka sitini na moja.

— Ni kweli, nilisema. Ila inataka awe na uhai uliobaki, hata kidogo. Aliyeishiwa kabisa haimsaidii.

— Hajaishiwa, alisema Afande kwa ukali, kana kwamba nimemtukana mtu.

— Daraja la kumi na nane! Kwa mwendo wetu huu hiyo ni miaka sita, alisema Spana.

— Miaka sita basi. Kwani wewe una safari?

— Sina. Lakini mchawi wangu hangoji miaka sita. Akipanda kidogo tu anaanza kusimamisha watu kwa mkono. Akipanda zaidi anarudisha siku nyuma. Anairudisha hadi Jumapili ile asubuhi, kabla Gundi hajainama kufunga kamba za viatu.

— Hiyo haimo kitabuni, alisema Kinyozi taratibu.

— Basi kuna kitabu kingine.

— Spana, hata uchawi mdogo Gundi hauwezi. Lazima maneno yatamkwe kwa sauti. Ndiyo kanuni.

Kisha Spana akajibu, na sauti yake haikuwa ya ubishi tena.

— Na huyo Mwanambinu wako? Anayeamuru wenzake? Anaamuru kwa mdomo wa nani?

Hapo ndipo tulipotambua kwamba mke wa Gundi amesimama kando yetu, mfuko wa duka la dawa mkononi.

— Hamjambo, mashemeji. Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu.

— Karibu kahawa, shemeji, alisema Kinyozi, akasogea ingawa nafasi ilikuwapo.

— Asante, sikai. Mnagombania nini? Mnasikika mpaka kwa fundi cherehani.

Kinyozi alimweleza yote: njia tatu, kisanduku kitupu, sheria ya Jumamosi tano. Mama yule aliichukua karatasi akaitazama mbele na nyuma.

— Huyu Kisigino namjua, alisema. Nimesimuliwa vita vyake vyote nikimenya viazi. Na mwenyewe amechagua njia ipi?

— Shemeji, si unajua... hasemi.

— Hasemi. Lakini anasikia vizuri, na mkono wa kushoto unashika kalamu. Kila Jumamosi, ikifika saa nane, ananionyesha shati la mistari. Namvalisha. Namweka kwenye kiti kinachotazama mlango. Leo ni mara ya tano. Kutoka hapa hadi kwetu ni milango sita.

— Tuliogopa kumchosha, alisema Kinyozi.

— Daktari alisema apumzike, alisema Afande.

— Alisema hivyo wiki ya kwanza, shemeji.

Aliilaza karatasi kwenye nafasi tupu, akainyoosha pembe iliyokunjika.

— Nijibuni kitu kimoja tu, niende nacho nyumbani. Ananiuliza kwa macho kwa nini hamji. Nimwambie nini?

Spana huwasimulia watu kwamba mama yule alitukaripia mbele ya wapita njia. Hakutukaripia. Aliuliza kwa sauti ya chini, akatutazama mmoja mmoja, akaaga kwa heshima, akaenda zake. Afande husema kwamba tulinyanyuka papo hapo tukamfuata na kitabu na dadu. Hilo nalo si sahihi. Tulikaa mpaka kahawa ikapoa vikombeni, kila mtu akitazama viatu vyake, ambavyo vyote vilishonwa na fundi mmoja. Baadaye tulikwenda kwa Gundi na karatasi yake, ndiyo. Na Kinyozi, adaiye kwamba niliwaongoza kwa kuwa mimi ni mkubwa wao, hunipa sifa isiyo yangu. Wa kwanza kusimama alikuwa Spana. Wa mwisho nilikuwa mimi.