Mwalimu wa Kahawa na Jirani wa Ng'ambo ya Barabara

Familia imemwomba binti wa marehemu asome maneno haya. Akionekana mkavu wa macho, asieleweke vibaya. Tangu Jumapili nyumba nzima imekuwa hivyo: watu wanakaa, wanasimama, wanaulizwa kama wamekula, wanajibu ndiyo, na hakuna anayekumbuka alikula nini.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu hata miaka mingi baada ya kuacha kufundisha, alizaliwa tarehe 14 Juni 1963, mtoto wa pili kati ya watoto wanne. Baba yake alikuwa mpokeaji mizigo katika ghala la buni, na jioni alirudi nyumbani akinuka magunia. Mzee huyo alipitisha maisha yake yote katikati ya kahawa bora, na maisha yake yote akanywa chai. Mwalimu, angali mtoto, alipomuuliza kwa nini, alimjibu, "Mwanangu, iliyo nzuri inasafiri. Sisi tunabaki na vumbi lake." Neno lile lilimkaa mtoto huyo miaka yote.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1986 katika masomo ya kemia na hisabati. Akapangiwa shule ya kutwa jijini. Kipindi chake cha kemia kiliangukia baada ya chakula cha mchana, wakati wanafunzi wanapigana na usingizi na usingizi unashinda. Siku moja alikuja na kikaango na buni mbichi, akawasha moto wa maabara, akawaambia watazame jinsi joto linavyobadilisha vitu. Punje zilipoanza kupasuka kama bisi, darasa zima lilikuwa limesimama. Mlango ukafunguliwa, akaingia mkuu wa shule, pua mbele.

"Mwalimu, hapa ni maabara au mgahawa?"

"Ni maabara, mkuu. Lakini karibu kikombe."

Mkuu akaketi kwenye dawati la mwanafunzi, akanywa. Tangu siku hiyo hakukosa kulikagua darasa lile, na wanafunzi walimshangaa mtu mzima anayeipenda kemia kiasi kile.

Kikaango hakikumtosha. Mwaka 1993 alikwenda kwenye karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma akiwa na mchoro aliouchora mwenyewe. Fundi akautazama, akaugeuza, akautazama tena.

"Dada, hili pipa la maji mbona limelala?"

"Si la maji. Linazunguka, na chini yake kuna moto."

"Sasa ndani unampika nani?"

Alicheka mpaka akaketi kwenye rundo la vyuma na kuchafua sketi yake ya kazini. Pipa lilichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili, kwani kila alipokuja kulitazama fundi aligundua kasoro nyingine inayomlazimu arudi wiki ijayo. Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1994. Mungu akawajalia watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Mwaka 1998 aliacha ualimu akafungua duka, chumba kimoja chenye mlango wa bati, mashine ya mumewe nyuma na mizani mbele. Ndugu walimwonea huruma. Jiji lilizoea kahawa ya kopo, ile ya kukoroga kwa kijiko na kumeza bila kufikiri. Mama mkwe alimuuliza kwa upole nani atanunua uchungu wakati sukari ipo. Mwanzoni alinunua jirani mmoja, tena kwa kumwonea haya. Halafu jirani akaleta shemeji yake, shemeji akamleta daktari wa meno, na daktari wa meno akawa anawaambia wagonjwa wake habari za duka hilo wakiwa wameachama na hawawezi kubisha. Mwalimu alimwonjesha kila aliyeingia. Alimuuliza anasikia ladha gani, na mtu akijibu "nasikia kahawa tu", alimmiminia tena.

Mwaka 2004 aliajiri msichana mwembamba aliyetoka kuosha vyombo hotelini. Msichana alionja kila kitu kwa kijiko chake mwenyewe alichotembea nacho mfukoni, na ndiyo maana akaitwa Kijiko. Pua yake ilikuwa kali kuliko ya mwajiri wake, na Mwalimu alilisema hilo hadharani kwa fahari. Walifanya kazi pamoja kama mama na mwana, na wakagombana vivyo hivyo. Kijiko alitaka kahawa isikaangwe sana, alitaka viti na muziki, alitaka vijana wakae. Mwalimu akasema kahawa si samani. Mwaka 2013 Kijiko alikodi chumba ng'ambo ya barabara, mlango ukiutazama mlango.

"Ukivuka hiyo barabara, usirudi," Mwalimu alimwambia.

Alivuka. Miaka sita hawakusalimiana. Wateja ndio walioteseka: aliyenunua kwa Kijiko alificha mfuko chini ya mboga akipita kwa Mwalimu, na aliyenunua kwa Mwalimu alipita kwa Kijiko akiwa ameukumbatia tumboni kama mjamzito. Nyumbani jina la Kijiko halikutajwa. Watoto walipotaka kijiko mezani waliinuka kukichukua wenyewe.

Mwaka 2019 mumewe aliingia dukani akakuta moshi umetanda. "Mama, kuna kitu kinaungua!" Mwalimu alikuwa amesimama kando ya mashine, mkono kiunoni, akimpa mgongo, anaandika jina la kahawa kwenye mfuko. Hakuwa amesikia harufu yoyote. Wakazima moto, wakamwaga punje, na alipoinua konzi ya makaa yale mpaka puani, ikawa kama kunusa maji.

Alisema ni mafua. Mafua yakapita, harufu haikurudi. Alimkataza mumewe asimwambie mtu, akaendelea kukaanga kwa macho na masikio. Wateja wakaanza kuwa na adabu kupita kiasi, wakisifu mifuko na usafi wa duka. Ni fundi cherehani wa jirani tu aliyethubutu kumwambia, "Mwalimu, usinichukie, lakini kahawa yako siku hizi inanikumbusha wodini." Mwalimu alimshukuru. Akafunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaketi juu ya gunia. Mumewe anasema hakulia. Aliitazama mashine kama mtu anayemtazama mgeni asiyemkumbuka jina.

Kisha akainuka, akachota punje kwenye sahani, akavuka barabara.

Duka la Kijiko lilikuwa limejaa. Watu walipomwona mlangoni walimpisha. Alikwenda moja kwa moja hadi kaunta, akaweka sahani.

"Nusa."

Kijiko aliinama akanusa. Angeweza kusema ni nzuri. Angeweza kunyamaza vilevile, na kufikia mwisho wa mwaka mtaa ungebaki na duka moja.

"Imeungua, Mwalimu," alisema. "Tena ndani haijaiva."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Hao wengine wananidanganya kwa kunihurumia." Akashusha sauti, ingawa kila mtu alisikia. "Pua yangu imekufa, mwanangu."

Kijiko alifungua aproni, akampa msaidizi wake, akasema, "Twende."

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kufungua kwake, Kijiko alivuka kwanza akamkaangia Mwalimu. Hawakuwahi kuketi kuyazungumza yaliyopita. Walibishana tu, na kelele zao zilikuwa saa ya kuamkia ya mtaa.

"Unaitoa mapema!"

"Huna pua, nyamaza."

"Nina masikio! Haijapasuka hiyo!"

Mwaka 2021 alianza kuumwa kichwa na kuona ukungu jicho la kushoto. Vipimo vilionyesha uvimbe nyuma ya paji la uso, ambao madaktari walisema ndio ulioichukua pua yake tangu mwanzo. Alifanyiwa upasuaji, akarudi dukani na kilemba kikubwa, akawaambia wateja ameongezwa akili. Alipata miaka mitatu mizuri. Mwishoni mwa 2024 uvimbe ulirudi, na safari hii alikataa kupasuliwa. Alisema amechoka kuamshwa na watu asiowajua. Miezi ya mwisho alikaa kitandani karibu na dirisha. Mumewe alimlisha, mwanawe akamsomea magazeti, Kijiko akamletea kikombe kila asubuhi na kumweleza inanukaje, neno kwa neno, naye akisahihisha.

Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, asubuhi. Mumewe alikuwa amemshika mguu juu ya shuka. Binti yake alikuwa chumbani, akaanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Hakuna aliyepiga kelele.

Jumatatu binti alikwenda dukani kubandika tangazo mlangoni. Kabla hajalibandika aliingia mama mmoja ambaye habari hazijamfikia, akaomba kahawa yake ya kila wiki. Binti akapima, akasaga, akafunga. Yule mama alipofika mlangoni aligeuka akasema, "Msalimie Mwalimu." Binti akamjibu, "Nitamsalimia." Akaufuta vumbi mdomo wa mashine ya kusagia. Kisha akabandika tangazo.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mkwe mmoja, wajukuu watatu, kaka mmoja na dada wawili. Kijiko alipoulizwa aandikwe kama nani, alisema, "Andikeni jirani." Familia imemwandika mtoto, na watoto wa marehemu kwa hiyo ni watatu.

Mwalimu, umefanya kazi yako. Sasa pumzika, na amani ikae nawe.