Muhuri wa Siku ya Jumatatu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Aliye jikoni na apunguze moto. Aliye kazini na aweke chombo chini kitambo kidogo. Leo tunamkumbuka mtu aliyesoma kwa vidole maisha yake yote, na ambaye wengi wetu tulimtukana kwa ajili ya kazi ya dakika moja.

Alifariki wiki iliyopita, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha serikali kilichochapa vitabu vya wasioona, vile vya nukta nundu, visomwavyo kwa ncha za vidole. Yeye mwenyewe hakuona. Wenzake walimwita Hakimu, kwa kuwa karatasi yoyote iliyopita chini ya kidole chake ilitoka imehukumiwa.

Macho yake yalichukuliwa na surua akiwa na miaka minne. Baba yake alikuwa seremala. Mzee huyo hakumficha mtoto chumbani, kama wengine walivyofanya zama zile. Alimpa ubao uliopigwa msasa na kumwuliza, "Umelainika?" Mtoto alipitisha kidole na kujibu, "Bado, baba. Hapa pana mkwaruzo." Mkwaruzo ulikuwapo. Punde si punde maseremala wenye macho yao mawili wakawa wanaleta mbao zao kwa mtoto asiyeona, awapimie.

Kidole hicho ndicho kilichomwingiza kiwandani, baada ya shule, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili.

Kiwanda kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye sakafu ya saruji, harufu ya grisi, na mtambo uliogandamiza karatasi nzito kwa kishindo. Fundi wa mtambo huo alikuwa mtu mwenye kuona, mcheshi, na walifanya kazi pamoja miaka thelathini na minane.

"Hakimu, umenirudishia tena?" fundi alikuwa akilalamika.

"Nukta zimelala, fundi. Kama wewe ulivyolala asubuhi."

"Mke wangu ana huruma kuliko wewe."

"Mkeo hajasoma kazi yako."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, shikeni jambo hili, maana ndilo shina la habari yote. Hakimu alipokuwa bado kijana, tarehe ya mtihani wa taifa ilibadilishwa. Tangazo lilibandikwa ukutani, kwa maandishi ya kawaida. Watahiniwa kumi na mmoja wasioona walifika siku ya zamani, wakakuta mtihani umekwisha kufanywa. Hakimu na wenzake waliingia katika ofisi kuu ya elimu, wakaketi sakafuni kwenye ujia. Waliketi siku tisa. Maafisa waliwaruka kama waruka dimbwi. Siku ya tisa kanuni ikaandikwa: tangazo lolote liwahusulo wasioona si halali mpaka lichapwe kwa nukta nundu, na mpaka msahihishaji asiyeona alisome na kulitia muhuri. Narudia: bila muhuri wa msahihishaji asiyeona, tangazo si halali. Kanuni hiyo haikutolewa kwa hisani. Iliketiwa siku tisa.

Ikapita miaka mingi. Ndipo likaja neno hili, kubana matumizi. Matumizi ya wakubwa hayakubanwa. Kilichobanwa ni kiwanda cha vitabu vya wasioona. Mkurugenzi wa ofisi kuu aliitisha mkutano kiwandani, akafika akinukia manukato, na viatu vyake vikilia. Alisema kwamba siku hizi kompyuta inasoma yenyewe.

Mwalimu mkuu wa shule ya wasioona alisimama. "Shule yangu haina umeme, Bwana Mkurugenzi."

"Umeme uko njiani, mama."

"Basi vitabu navyo vingoje ufike."

"Mama, tuwe na mtazamo chanya."

Umeme huo ungali njiani mpaka leo.

Lakini tangazo la kukifunga kiwanda liliwahusu wasioona. Kwa hiyo lilipaswa kupita mikononi mwa Hakimu. Nakala ya kwanza, iliyochapwa na ofisi kuu yenyewe, ilipofika, ukurasa unaoeleza haki ya kukata rufaa haukuwamo kabisa. Akairudisha. Ya pili, kurasa zilikuwa zimefungwa juu chini. Akairudisha. Ya tatu ilichapwa katika karatasi nyepesi, nukta zikabonyea kabla hazijasomwa. "Jamani!" alisema fundi. "Hata karatasi ya kutufungia wameibania!" Ikaja ya nne, ikaja ya tano, na kila moja ilikuwa na kosa la kweli. Kila kosa lilikula wiki kadhaa. Hivyo mtu mmoja, kwa kidole kimoja, aliizuia serikali miezi saba.

Katika miezi hiyo chama cha wasioona kilipata nafasi ya kusikilizwa na kamati ya bunge, siku ya Alhamisi. Tangazo likifika Alhamisi bila muhuri, kamati ilikuwa na mamlaka ya kulisimamisha. Likifika na muhuri, shauri limekwisha.

Siku ya Jumatatu, wiki ile ile, ikaja nakala ya sita.

Ilikuwa na kurasa kumi na moja. Hakimu aliisoma. Akairudia tangu mwanzo. Fundi alikuwa amesimama pembeni, na anasema alikuwa akiomba Mungu kidole kile kikwame mahali. Hakikukwama. Kanuni ilimtaka msahihishaji ajibu siku ile ile, asipokuwa mgonjwa. Fundi alikimbilia simu, akamwita mke wa Hakimu. Naye alifika akihema, kanga yake mkononi.

"Baba watoto, sema unaumwa."

"Siumwi."

"Sema kichwa."

"Kichwa ndicho kizima kuliko vyote."

"Ni siku tatu tu! Nani atakufa kwa siku tatu?"

Hakimu alikuwa amekishika kile kipini cha muhuri. "Mama, miezi saba nawarudishia karatasi zao, na hawakuweza kunipinga. Kwa nini? Kwa sababu kosa lilikuwapo. Nikisema uongo leo, hata yale ya kweli watayaita uongo. Na muhuri huu si wangu. Kesho atashika mwingine."

"Kesho ipi," akauliza fundi, "na kiwanda kimefungwa? Dawa ya moto ni moto, Hakimu!"

"Moto kwa moto, fundi, hubaki majivu."

Saa nane na robo mchana alitia muhuri.

Alhamisi mwenyekiti wa kamati aliinua karatasi ile mbele ya watu wote. "Muhuri huu ni wenu wenyewe," alisema, "sisi tutasema nini?" Kikao kilimalizika kabla chai haijaletwa. Mwalimu mkuu alimtafuta Hakimu mlangoni, akamwambia, "Umetuzika. Umetuzika kwa mikono safi."

Jioni ile redio hii ilimwita msaliti. Neno hilo lilisomwa katika chumba hiki hiki, mbele ya kipaza sauti hiki. Halikuombewa radhi alipokuwa hai. Linaombewa leo, na tunajua kwamba tumechelewa.

Mtambo uliuzwa kama chuma chakavu. Chumba kile kirefu sasa ni ghala la viti vibovu vya maofisini. Naye Hakimu alikwenda nyumbani na kibao chake cha kuandikia na sindano yake, akaanza kunakili vitabu vya shule kwa mkono, nukta moja baada ya nyingine, huku mkewe akimsomea. Alifanya hivyo miaka sita.

Mjane wake anasema, "Hakuniambia hata siku moja kwamba amejuta. Lakini alikuwa akitoboa zile karatasi kama mtu anayetumikia kifungo."

Binti yake, ambaye ni muuguzi, anasema, "Nilimwambia, baba, pumzika, vidole vimevimba. Akanijibu, vidole ni vyangu, vitabu si vyangu." Binti huyo ndiye aliyevipeleka shuleni. "Cha kwanza, mwalimu mkuu alikipokea bila hata ahsante. Cha pili, alinipa kiti. Cha tatu, aliniuliza baba anakula vizuri?"

Wasikilizaji wapendwa, wapo wanaosema hadi leo kwamba uongo mmoja mdogo ungetosha. Huenda. Lakini semeni na haya. Mkurugenzi alidanganya kuhusu umeme, na hakuna aliyeshangaa. Hakimu alisema kweli, na mji mzima ukashangaa. Na ile miezi saba aliyotupatia, tuliitumiaje? Miezi mitano ya kwanza viongozi wa chama waligombana ni nani atakayeisoma risala. Barua ya kuomba kusikilizwa ilipelekwa mwezi wa sita. Ingalipelekwa mwezi wa kwanza, nakala ya sita ingalikuta shauri limekwisha amuliwa. Hatukukosa siku tatu. Tulikuwa nazo mia na hamsini, tukazila kwa maneno, kisha tukamwendea mtu mwaminifu tukamtaka aongope kwa ajili yetu.

Kwa mjane, kwa binti, na kwa fundi, tunatoa pole kwa unyenyekevu. Mola awape nguvu. Pole pia kwa mwalimu mkuu, aliyeomba tuseme kwamba alikuwa amekwisha kupanga siku ya kwenda kumwona.

Na ninyi mnaosikiliza, mkizima redio msiende kulala na sifa za marehemu tu. Hakimu alikuwa akinakili kitabu cha hesabu cha darasa la saba. Kina kurasa mia mbili na nne, naye alifika ukurasa wa mia moja na tisa. Watoto wa shule ya wasioona wanazisoma kurasa hizo kwa zamu, na hapo ndipo kitabu chao kinapoishia. Mtihani wao ni mwezi ujao, wiki ya tatu.