Aingiaye Kati

Asubuhi ya Jumatatu Mbeyu alipanda basi la Changamwe, kajitanda leso hadi puani asiulizwe habari za mumewe. Katika pindo la leso alifunga filimbi ya mume huyo, akienda kuirudisha kwa mwenyekiti wa ligi. Basi halijavuka Makupa, wanaume wawili mbele yake walikwisha kuanza kumsema mumewe, refa wa mechi ya jana.

"Refa ni neno la Wazungu," alisema Elkana, kuli wa bandarini, "na maana yake ni mtu anayepelekewa shauri. Jana tulimpelekea letu, akatupulizia filimbi. Kwa nini asipigwe?"

"Nyinyi watu wa bara mmeokota neno mkaacha adabu yake!" alimkatiza Mzee Garama, muuza nazi. "Sisi twamwita mwamuzi. Kabla mpira haujaja, mwamuzi ni yule aingiaye kati watu wakipigana. Kwetu ukimgusa, watozwa mbuzi. Wewe ulimgusa?"

"Nilimgusa. Na Jumapili akirudi, nitamgusa tena."

Mbeyu aliukumbuka uso wa mumewe alivyomwacha kitandani, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Hakumtazama Elkana.

"Shikamoo, baba," alimwambia Garama. "Jana uwanjani ulikuwapo?"

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwapo, mbele kabisa."

"Basi niambie. Mwamuzi akipigwa, ni nani huingia kati kumwamua?"

Basi lilisimama Changamwe. Garama alikumbatia kapu lake la nazi, asishuke, ingawa hapo ndipo kituo chake.