Seremala Aliyepima Milango ya Msikiti

Jirani wa msikiti alilisimulia basi zima jinsi alivyouokoa. Alimwona seremala, kwa macho yake mawili, akipima milango kwa futi, kisha akihesabu hatua mpaka nje. "Gaidi yule! Nikapiga simu polisi papo hapo. Imamu si alisema Ijumaa tuwe macho?"

Nyuma yake alikaa dada wa seremala, kapakata bakuli la chakula cha mahabusu. Alimwacha amalize, maana shujaa hakatizwi. "Hongera, kaka. Na pale imamu aliposema habari ichunguzwe kwanza, tusije tukamdhuru asiye na kosa, ulisikia?"

"Hapo nilikuwa nimeshatoka kutafuta viatu vyangu."

"Ndiyo maana. Kaka yangu alitumwa na kamati aipanue hiyo milango, ili hatari ikitokea watu watoke salama. Na wewe ukiwemo."

Abiria wakaangua kicheko. Jirani akajikuna shingo. "Sasa dada'ngu, ningejuaje? Kumlinda Muislamu mwenzako ni ibada."

"Umemlinda haswa. Amefungiwa, na askari kasimama mlangoni."

"Kamati si wakamsemee?"

"Wamemsemea wakachoka. Polisi wanakutaka wewe uliyemshtaki."

Basi likasimama mbele ya kituo cha polisi. Dada akainuka na bakuli lake. "Twende basi, ndugu yangu. Ukawaambie uliona seremala na futi, hukuona kingine."

Jirani akageukia dirishani. Kondakta akaushika mlango. "Kuna mwingine anayeshuka hapa?"