Keki ya Bodi: Maisha ya Wakili Lavada Tarver Dismuke, 1949–2025

Kitu cha kwanza ambacho mjukuu wake Corinne alikigundua kwa marehemu, enzi hizo Corinne akiwa bado anafika kiunoni mwa watu, ni kwamba Bibi Lavada hakuridhika na neno la mtu peke yake. Ukimwambia umeoga, aliuliza, "Nani amekuona?" Ukimtaja binamu yako, alitikisa kichwa. "Huyo rafiki yako. Nitajie mtu uliyegombana naye. Huyo akisema umeoga, nitaamini." Watoto wa nyumba ile walikua wakidhani kila familia inaishi hivyo. Baadaye ndipo walipojua kwamba desturi hiyo aliitoa kazini, na kwamba ilimpa kwanza usumbufu mkubwa, halafu ikampa mume.

Lavada Tarver alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Tullis Creek, mashariki mwa Texas, akiwa mtoto wa tatu wa Elbert Tarver, fundi wa kiwanda cha mbao, na Idella Tarver, mwimbaji wa kwaya ya kanisa hili la New Sardis. Alipokuwa na miaka tisa, babu yake alifariki bila kuandika wosia. Shamba likawa la warithi wote kwa pamoja. Mmoja wao akamuuzia mgeni sehemu yake, mgeni akaenda mahakamani kudai mgawo wake, na shamba zima likauzwa. Lavada alikumbuka maisha yake yote jinsi watu wazima walivyopakia kuku garini. Siku hiyo alimwambia mama yake kwamba atasoma mpaka aelewe kilichotokea.

Alianza masomo Tullis Creek, akamaliza sekondari mjini Marlow mwaka 1967 akiwa wa kwanza darasani. Alipata shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Prairie View mwaka 1971, na shahada ya sheria Texas Southern, Houston, mwaka 1974. Mwaka huohuo aliapishwa kuwa wakili, akarudi Marlow na kufungua ofisi kando ya saluni ya wanawake. Mwaka 1975 aliolewa na Lonnie Akers, mpeleka barua mwenye sauti nzito, wakajaliwa binti mmoja, Verlene. Bwana Akers alifariki mwaka 1983. Ofisini marehemu aliendelea kuitwa Wakili Tarver, na Verlene alifanyia kazi zake za shule chini ya meza ya mama yake.

Kazi yake ilikuwa wosia na mirathi, na aliifanya kwa bidii. Lakini dirishani kwake palikuwa na maneno yaliyomkera. Sheria ya wakati ule ilimtaka wakili anayetangaza aina ya kazi yake aseme pia kama hajathibitishwa na bodi ya jimbo kuwa bingwa wa fani hiyo. Kwa hiyo chini ya jina lake, kwa rangi nyeupe, paliandikwa: "Hajathibitishwa na bodi." Mawakili wengi walikuwa na maneno hayo na hawakuyajali. Marlow mambo yalikuwa mengine. Mama Hattie Crump, mzee wa kanisa aliyekuwa na ekari nyingi za misonobari, aliyasoma akitoka saluni, akaingia ofisini na rola za nywele kichwani.

"Dada Lavada, nirudishie wosia wangu."

"Kuna nini, Mama Crump?"

"Wewe si wakili."

"Mama, ulikuja kwenye sherehe yangu ya kuapishwa. Ulileta saladi ya viazi."

"Nilikula kama watu wengine. Lakini dirisha linasema hujathibitishwa, na dirisha halina sababu ya kukusingizia."

Alimrudishia. Jumapili iliyofuata watu wengine watatu waliulizia zao. Hapo ndipo marehemu alipoamua kwamba maneno yale yatatoka dirishani, na yatatoka kwa haki.

Haikuwa safari fupi. Bodi ilitaka wakili awe amefanya kazi miaka isiyopungua mitano, sehemu kubwa ya kazi hiyo iwe ya fani anayoiombea, na awe anaendelea kusoma. Hayo yote alikuwa nayo. Ilitaka pia majina ya mahakimu na mawakili wanaoijua kazi yake, wakiwemo waliowahi kukaa upande wa pili wa kesi. Mjini Marlow upande wa pili ulikuwa na mtu mmoja tu: Wakili Roscoe Dismuke. Walikuwa wamepingana mahakamani kwa miaka kumi. Marehemu aliwahi kumwekea pingamizi kwa sababu tu bwana huyo alikohoa, na hakimu akalikubali.

Rafiki zake walimshauri atafute jina kutoka mji mwingine. Alikataa. Aliandika "Roscoe Dismuke," akaituma fomu, na wiki chache baadaye bwana huyo akamsimamisha kwenye ngazi za mahakama.

"Wakili Tarver, umenitaja mimi?"

"Nimekutaja."

"Mimi, uliyeniita tarumbeta iliyotoboka mbele ya wazee wa baraza?"

"Sikusema iliyotoboka. Nilisema iliyopinda."

"Na nikiwaambia ukweli?"

"Ndiyo maana nimekutaja wewe."

Majibu kwa bodi ni ya siri, kwa hiyo hakujua bwana yule aliandika nini. Alichojua ni kwamba bodi ilimruhusu kufanya mtihani. Oktoba 1987 akaenda Austin, akaandika siku nzima, akafeli. Kodi za mirathi zilimshinda. Jumapili alisimama kanisani hapa na kusema mwenyewe, kwa sauti, ili watu wasije wakasikia kwa wengine. Jumatatu Bwana Dismuke alipita ofisini kwake.

"Mimi nilikupitisha," alisema. "Hesabu ndizo zilizokuangusha."

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja na kitabu cha kodi. Na njaa."

Walisoma mwaka mzima kwenye meza ya jikoni, Verlene akiwa mwamuzi wao. Oktoba 1988 alirudi Austin, na safari hii alifaulu. Akavaa kofia yake ya zambarau ya Pasaka, akachukua wembe, akayakwangua maneno yale dirishani herufi kwa herufi, saluni nzima ikiwa nje inashangilia. Mama Crump alikuwepo. "Sasa wewe ni wakili," alisema, akamkabidhi wosia wake. Miaka miwili baadaye Bwana Dismuke naye aliomba ubingwa, akamtaja marehemu, naye akafaulu.

Walifunga ndoa tarehe 8 Juni 1991. Kila mwaka siku hiyo marehemu alimuuliza mumewe aliiandikia nini bodi kumhusu, na kila mwaka alijibiwa, "Siri ya bodi, mpenzi. Niwekee pingamizi." Ubingwa wake aliuhuisha kila miaka mitano mpaka alipostaafu mwaka 2019. Mashamba mengi ya Tullis Creek bado yako mikononi mwa wenyewe kwa sababu yake.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2024. Wakati huo Verlene, aliyekuwa wakili ofisini kwa mama yake tangu 2012, alikuwa akijiandaa kwa mtihani uleule wa mirathi, na marehemu akakigeuza kitanda cha hospitali kuwa darasa. "Mtu amekufa bila wosia," alisema, "kaacha mke wa pili na watoto wa mke wa kwanza. Nyumba ya nani?" Muuguzi aliyekuwa akimpima presha alijibu kwamba ni ya mke, yote, watoto akiwasahau. "Roscoe," marehemu aliita, "huyu binti mwandikie wosia leo hii kabla hajaolewa."

Verlene alifanya mtihani Oktoba hii. Aliporudi, mama yake hakumuuliza kama ulikuwa mgumu. Aliuliza, "Umejibu maswali yote?"

"Yote, Mama."

"Basi leteni siagi."

Akaoka keki ya siagi na limau akiwa amekaa kwenye kiti, Bwana Dismuke akipiga mayai na kukosolewa. Akaifunga, akaibandika karatasi yenye neno BODI, akaiweka kwenye friza. Verlene akamuuliza, "Na nikifeli?"

"Mtaila mkiwa na huzuni. Lakini iliwe."

Alifariki usingizini alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, nyumbani kwake Marlow, akiwa na umri wa miaka sabini na sita.

Ameacha mume wake, Roscoe Dismuke. Binti yake, Verlene. Wajukuu Corinne na Elbert. Dada yake Ruby Nell Tarver wa Tullis Creek. Na kanisa lililomwita wakili, likamkana kidogo, kisha likamrudia. Mama Lavada, umeoga na tumekuona, hata wale uliogombana nao. Lala salama.

Chakula kitakuwa ukumbini baada ya maziko, na keki zipo nyingi. Akina mama mtakaosaidia jikoni nyumbani mnaombwa msiguse ile ya kwenye friza. Juzi Bwana Dismuke alimkuta mtu ameshika kisu, na tangu hapo amehamishia kiti chake pale. Majibu ya mtihani wa Verlene yanatarajiwa kabla ya Krismasi.