Siku ya Kukabidhi Funguo za DeVille ya Shangazi Arvella

Mheshimiwa Mchungaji Kiongozi, Mama Mchungaji, ambaye kofia yake imewaziba watu wa safu mbili na hakuna anayethubutu kusema, mashemasi wenzangu, akina mama wa kanisa mlioketi mbele kwa haki yenu, Ndugu Lorenzo Gaddis, mwenyekiti wa Kamati ya Usafiri, wanakwaya, wageni mlioletwa na upendo, na wageni mlioletwa na harufu ya kuku: amani iwe kwenu.

Mimi ni Hosea Tisdale. Mnaniita Mjomba Hosea, hata nyie ambao mama zenu siwajui. Shule niliacha darasa la tisa, kwa sababu walimu waliishiwa na vitu vya kunifundisha. Leo nimepewa kazi moja. Shangazi yangu Arvella, dada wa baba yangu, ana miaka themanini na moja, na kwa zaidi ya miaka hamsini amewaleta kanisani akina mama wasio na usafiri, kwa gari lake la Kadilaki DeVille. Sikukuu ya Pasaka gari hilo likaangusha bango letu pale nje. Kamati ikaamua kwamba kanisa linunue basi dogo, mimi niliendeshe, na leo baada ya chakula Shangazi akabidhi funguo zake. Shangazi mwenyewe alikubali kuja kula tu. Kuhusu funguo alisema, "Tutaona kuku ameivaje." Basi nimetumwa nimlainishe.

Ndugu zangu, ni nani humu ndani anayeijua DeVille kunizidi mimi? Usijibu, Ndugu Lorenzo. Wewe unaendesha gari la Wajapani, na hapa Detroit, mji uliolelewa na viwanda vya magari, tumekusamehe ila hatujasahau.

DeVille ya milango minne ilitoka mwaka 1956, mwaka niliozaliwa mimi. Za milango miwili zilitangulia, lakini hizo hazikuwa na nafasi ya akina mama. Marehemu mume wa Shangazi, Mjomba Thaddeus, alinunua moja ya mwaka huo ikiwa imeshatumika, mwaka 1962, na Agosti tukashuka nayo Alabama kuwasalimia wazee. Nilikuwa na miaka sita, na mimi ndiye niliyeelekeza njia.

Tukasimama kujaza mafuta. Shangazi ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Akatoka Mzungu mmoja, kofia kisogoni, akamwambia, "Wewe, zima gari." Akazima. Yule bwana akazunguka nyuma na mpira wa mafuta mkononi, akitafuta mdomo wa tangi. Kulia hakuna. Kushoto hakuna. Akapiga magoti. Akalala chini. Nawaambia alitafuta nusu saa, na Mjomba Thaddeus akalala usingizi akaota na ndoto.

Mwisho akaja dirishani anatoka jasho. "Dada, hili gari linajazwa wapi?"

Shangazi akasema, "Endelea kutafuta, mdogo wangu, unakaribia."

Akaenda, akarudi, kofia sasa ameishika mkononi. "Bibi, nakuomba."

Hapo ndipo Shangazi aliposhuka na glovu zake nyeupe, akaishika taa ya nyuma ya kushoto, akaiinua kama mtu anayefunua sufuria. Tangi hilo hapo chini yake. Alianza anaitwa "wewe", akaondoka anaitwa "bibi". Niambieni, ni gari gani jingine lililowahi kumfundisha mtu adabu kwa kuficha tangi?

Mchungaji wetu wa wakati ule alikuwa na ya mwaka 1959, ile yenye mapezi ya nyuma, kama ya samaki, marefu kuliko zote. Yalikuwa marefu kiasi kwamba njiwa walitaga upande wa kulia, na mzee wa watu akapinda kushoto tu majira yote ya kuchipua asiwaangushe. Ikija harusi anapitia Ohio. Shemasi Wilbert anatikisa kichwa. Wilbert, ulikuwepo? Basi tulia.

Mwaka 1977 kampuni ikaikata DeVille urefu wa shibiri moja hivi. Mwaka 1985 ikaikata tena, futi mbili, na nguvu ikahamishiwa magurudumu ya mbele. Mjomba Thaddeus alipoileta hiyo mpya nyumbani, akaifungia gereji, akatazama pengo lililobaki, akachukua utepe wa kupimia. Akapiga simu dukani: "Gari nimelipata. Sasa sehemu iliyobaki mnaileta lini?"

Shangazi aliiendesha hiyo hiyo fupi mpaka ikachoka, akachukua ya mwaka 2004, hii iliyopo nje, akiwa tayari mjane. Mwaka uliofuata ukawa wa mwisho kwa jina hilo. Iliyokuja badala yake ikapewa herufi tatu. Shangazi akasema, "Mtoto ana jina zuri, unamwitaje kwa herufi?" Akakataa hata kuikalia.

Basi Shangazi, nikija kwenye lile nililotumwa...

Naona ameshaziweka. Ndugu zangu, mnaziona? Funguo ziko mezani, juu ya kitambaa, karibu na pai ya viazi vitamu. Sijamwomba bado.

Subiri, Ndugu Lorenzo, usinyooshe mkono. Mchungaji, naomba dakika moja ambayo haimo kwenye karatasi yangu.

Bango la Pasaka nililigonga mimi.

Shangazi alikuwa anamshusha Mama Florine na mtungi wake wa hewa ya kupumulia, akanipa funguo niisogeze gari futi kumi. Mimi nikaizungusha mtaa mzima, kiwiko dirishani, nikiwapungia watu. Narudi, nikawaona wanakwaya wamesimama, nikasema moyoni, wacha niwaonyeshe mtu anavyoingia kinyumenyume kwa mkono mmoja. Mliosikia kishindo mlitoka mkamkuta Shangazi amesimama pale, anasema, "Ni mimi." Nikamvuta pembeni. Akaniambia, "Wewe ni dereva wa basi la shule, watakufukuza. Mimi ni kizee, watanisema wiki moja wataacha."

Hawakuacha. Mei alipimwa macho, akasoma herufi zote mpaka jina la mchapishaji kule chini, na bado mkaunda kamati. Na mimi nikakubali kupewa basi lake. Miezi mitatu nimekula hapa kila Jumapili, na chakula kinanipita kooni kama mchanga. Sahani ya tatu hasa.

Kwa hiyo, Ndugu Lorenzo, nyoosha mkono sasa. Hizi hapa za basi, mtafute mwingine. Kazini kesho nitajieleza mwenyewe. Na wewe Shangazi, tafadhali, rudisha zako kwenye pochi kabla sijalia mbele ya kwaya.

Amezirudisha. Mnamsikia? Kwa mlioko nyuma, amesema: "Jumapili saa tatu, uwe umesimama barazani kwako. Utakaa nyuma, katikati ya Florine na mtungi wake. Na kiwiko chako kibaki ndani."

Nimesikia, Shangazi. Nanyi nyote, Mungu awalipe kwa kunivumilia mpaka hapa.