Marehemu Nthiwa Kaloki na Abiria Kumi na Mmoja

Mchungaji na wahudumu wa kanisa, wazee wetu, majirani wa Kikima, wageni mliotoka Kitui na sisi wa familia, hamjambo nyote. Mimi ni Nzisa, dada ya marehemu anayemfuata, yule wa duka la mbegu pale Tawa, na nimepewa kazi hii kwa sababu wengine wote nyumbani wanalia na mimi silii, sijui kwa nini, kwa hivyo msinitazame sana mkingoja, wacha nisome tu.

Nthiwa Kaloki alizaliwa tarehe 12 Machi 1968 hapa hapa Kikima, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Kaloki Mulei na mama yetu Wayua, ambaye mnamwona ameketi pale mbele na shuka la buluu. Alianza darasa la kwanza mwaka wa 1975, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1981 akiwa wa pili, akamaliza sekondari mwaka wa 1985, na miaka hiyo yote alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, alikuwa na daftari la mbuzi wa baba, jina la kila mbuzi, siku aliyozaliwa na watu aliowauma. Mimi nilikuwa ndani ya hilo daftari mara mbili kwa kuacha zizi wazi, na hakuwahi kunifuta.

Mwaka wa 1987 aliingia chuo cha mafunzo ya afya, akahitimu mwaka wa 1990 kama afisa wa afya ya umma, akafanya kazi sehemu nyingi za Ukambani, akikagua vyoo, visima, mahoteli na machinjio, na tarehe 3 Februari 2014 akapelekwa soko la Kwa Mutei, kule Kitui upande wa barabara ya Garissa, ambako alikaa hadi ugonjwa ulipomrudisha nyumbani. Mwenye hoteli aliyewahi kufungiwa na Nthiwa anajua, huyu hakuwa mtu wa kupewa soda halafu asahau panya.

Tarehe 15 Agosti 1998 alifunga ndoa na mwalimu Kaveke wa Mbumbuni, na Mungu akawajalia watoto wawili, Mbithe aliyezaliwa mwaka wa 2000 na Ndeti aliyezaliwa mwaka wa 2004, wako hapa, wamelia vya kutosha, asanteni kwa kuwashikilia.

Karatasi mliyopewa langoni inatoka hapo inaenda moja kwa moja kwa ugonjwa wake. Kamati ya mazishi ilikaa Alhamisi, wajomba wakasema yale mengine ni mambo ya ofisi, yaende na mwenyewe, nikawaitikia sawa, halafu nikaenda saiba, kwa wale wa kompyuta pale Tawa, nikachapisha hii ninayosoma. Wajomba, poleni, lakini maneno yanayofuata aliniambia Nthiwa mwenyewe mwezi wa Januari, akiwa kitandani, akanikataza kula chakula nilichokuwa nimebeba mpaka niyaandike yote na nimuapie kwamba nitayasoma siku ya leo.

Jumapili ya Matawi, tarehe 5 Aprili 2020, siku chache kabla barabara ya kutoka Mombasa kufungwa kwa ajili ya korona, basi kutoka huko liliingia Kwa Mutei jioni na wakashuka abiria kumi na mmoja. Watatu walikuwa mzee Abdulkadir mwenye duka la vitambaa, mkewe Bi Tumu na binti yao Nasreen, waliotoka kuzika jamaa yao huko pwani, na ikiwa kuna mtu hapa anafikiri hao ni wageni, ajue duka hilo lilifunguliwa na babake Abdulkadir mwaka wa 1951, na mzee mwenyewe anaongea Kikamba kushinda hawa watoto wetu wote. Wale wanane wengine walikuwa Wakamba wa kawaida, wa Kanisa, kama mimi na wewe.

Siku ya Alhamisi iliyofuata Nthiwa aliagizwa kuwapeleka abiria wote wa basi hilo karantini, wote, hakukuwa na mlango mwingine. Aliketi na orodha ya majina kumi na moja, ninayo hapa, mwandiko ni wake, na mbele ya majina matatu aliweka alama ya kalamu nyekundu, wale wengine wanane akawapigia simu akawaambia wakae nyumbani na wanywe maji ya moto. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia hakufikiria hata dakika moja, kwamba mkono ulienda wenyewe kwa yale majina, kwa sababu sokoni korona ilikuwa imeshaitwa ugonjwa wa Waswahili na yeye aliyesoma alikuwa ameshaamini bila kujua ameamini. Kesho yake, Ijumaa Kuu, gari likaja dukani mchana kila mtu akiona, watu watatu wakapelekwa kwa bweni la shule moja, na tangu siku hiyo hakuna aliyenunua hata uzi kwa lile duka mpaka mwezi wa Agosti, hata mwenye mkokoteni wa maji akaacha kupita mtaa wao, wale wazee wao na watoto waliobaki wakawa wanachota mtoni.

Sasa, abiria wa kumi na moja kwenye orodha ni mimi. Nilikuwa nimepeleka ndengu Mombasa, nikashuka Kwa Mutei nikalala kwa kaka yangu siku mbili, halafu tarehe 7 nikaja hapa Kikima kumwona baba. Na aliyekuwa akikohoa ndani ya basi hilo hakuwa Bi Tumu, hakuwa Abdulkadir, alikuwa ni mimi, nilikohoa kutoka Voi, na Bi Tumu aliyeketi upande wa pili alifungua pochi akanipa kipande cha tangawizi na akaniambia nitafune polepole, mwanangu. Nthiwa alinisikia nikikohoa nyumbani kwake. Simu aliponipigia aliniambia nivae barakoa nikienda sokoni.

Baba alianza kuumwa kifua tarehe 14 Aprili, na Jumatatu tarehe 20 akatuacha. Jana jioni nilimwambia mwaitu, mama yetu, kwamba ni mimi niliyemletea, ili asiyasikie kwanza hapa mbele za watu, naye akaniuliza tu kama nimekula.

Nthiwa alikuwa anajua sheria ya mazishi ya wakati huo kuliko mtu yeyote katika boma hili, yeye ndiye aliyekuwa akiifundisha. Alimwomba mwenzake aandike homa ya mapafu bila kumpima baba, na Jumatano tarehe 22 tulimwosha kwa mikono yetu, tukamvalisha suti yake ya kahawia, tukamzika hapo mnapopaona penye maua, watu waliruhusiwa kumi na watano na sisi tulikuwa zaidi ya themanini, na wengi wenu mlikuwepo na mlikula.

Kule Kwa Mutei, dawa za Bi Tumu za presha na sukari ziliisha Jumamosi tarehe 18. Nasreen alimpigia Nthiwa simu, akampata akiwa hapa kando ya kitanda cha baba, Nthiwa akamwambia atatuma mtu na dawa, na haki ya Mungu alikusudia kutuma, lakini baba akazidiwa, akasahau. Nasreen alipiga tena mara sita. Siku tulipokuwa tukimzika baba simu ya Nthiwa ilikuwa imezimwa, kwa heshima.

Bi Tumu alifariki Alhamisi tarehe 23 Aprili alfajiri, ikiwa imebaki siku moja aachiliwe, na Nthiwa alirudi kazini asubuhi hiyo akamkuta. Wanawake wawili wa dini yake walikuja langoni wakaomba wavae zile nguo nyeupe za kujikinga wamwoshe mwenzao, na kaka yangu, aliyekuwa amemwosha baba jana yake, akawaambia sheria ni sheria. Alizikwa mchana kwa mfuko wa plastiki na wanaume sita waliompulizia dawa, katika makaburi ya umma, pasipo jina. Majibu ya vipimo yalikuja tarehe 8 Mei, wote watatu hawakuwa na korona. Mzee Abdulkadir alipotoka alionyeshwa uwanja, hakuonyeshwa kaburi, na yalikuwepo makaburi manne mapya, kwa hivyo kwa miaka karibu mitano amekuwa akisimama katikati ya hayo manne akiomba. Aliyejua ni Nthiwa, na Nthiwa alikuwa akipitia nyuma ya posho mili, pale kwa kinu cha unga, ili asipite mbele ya duka.

Figo zake zilianza kukataa kazi mwezi wa Juni 2022 kwa ajili ya sukari, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa tisa mchana, akafariki akiwa na miaka hamsini na sita. Kabla ya hapo alikuwa amenielekeza, kaburi la pili kutoka kwa mti wa mnyaa, upande wa mto, na Jumanne iliyopita nilimpeleka mzee Abdulkadir na Nasreen, nikawaonyesha. Mzee aliniuliza jambo moja tu, kama mkewe aligeuzwa kuelekea kibla. Nilikuwa nimeshamuuliza Nthiwa hilo, na ningeweza kudanganya, lakini nilimwambia hapana, hakuna aliyejua, waliharakisha. Akaniambia nisogee, nimekanyaga pale.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kaka yetu kwa miaka hii, majirani mliochota maji na kupika, wafanyakazi wenzake mliofika na basi kutoka Kitui, kanisa, na vijana mliochimba. Tunamshukuru mzee Abdulkadir na Nasreen, wako kwa ile hema ya pili, viti vya mwisho, na ninaomba watu wanaokaa karibu nao warudishe viti vyao pale vilipokuwa, mmesogea na nimewaona. Hawakuja kusema wamesamehe, sikuwauliza, Nasreen alisema wanataka tu kusikia yakisomwa kwa sauti.

Bi Tumu hakusomewa historia, kwa hivyo naanza na yeye. Bi Tumu binti Idris, mzaliwa wa Kwa Mutei, mke, mama, ulinipa tangawizi nikakulipa hivi, pumzika kwa amani. Na wewe Nthiwa, kaka yangu, nilikupenda na bado nakupenda, wewe pumzika tu. Hiyo amani iko kwa viti vya mwisho, na mimi sitawaharakisha.